Chupa Ndani ya Ziwa: Somo kuhusu Vinasaba vya Majini na Amani ya Mialo Yetu

Katika matoleo yaliyopita tulizungumza nanyi kuhusu wizi wa injini za boti, magendo na usalama wa safari za majini. Somo la leo ni geni kidogo, nalo limezaliwa na tukio ambalo lingeweza kuishia kwa mauaji.

Asubuhi moja ya mwaka jana, vijana wawili, mwanamume na mwanamke, waliteremka katika mwalo mmoja wa upande wetu wa Ziwa Victoria. Walikuwa wamevaa glavu. Walizamisha chupa ziwani, wakazijaza na kuzifunga. Kisha mmoja akatoa garini chupa nyingine, akaimimina katika chombo kidogo chenye bomba, pale pale ukingoni mwa maji. Mwenzake, hatua chache kutoka hapo, alikuwa akisugua ndoo kwa dawa iliyonuka klorini. Wiki hiyo hiyo samaki wengi walikuwa wameelea wakiwa wamekufa, na uvumi ulikuwa umeenea kwamba kuna watu wa ng'ambo wanaotia sumu ziwani. Haikupita nusu saa, vijana wale walikuwa wamezingirwa na umati, na mtu mmoja alikuwa ameshatumwa kuleta petroli.

Waliookolewa siku ile hawakuokolewa kwanza na polisi. Mama mmoja muuza samaki aliketi juu ya kasha lao la barafu na kutangaza kwamba haondoki hapo mpaka mwenyekiti wa kijiji na askari wafike. Baadhi ya wazee wakasimama naye. Tulipofika, kijana mwanamume alikuwa ameshapasuliwa kichwa kwa kasia, na chupa zote zilikuwa zimemwagwa mchangani.

Vijana wale walikuwa watafiti wa samaki, na kibali chao kilikuwa halali. Nasi hatuna budi kukiri jambo la pili: nakala ya kibali hicho ilikuwa imefika katika kituo chetu siku nne kabla, ikalazwa ndani ya faili. Hakuna aliyemwarifu mwenyekiti wa kijiji wala kamati ya mwalo. Kosa hilo lilikuwa letu. Somo hili ni sehemu ya deni tunalowadai nafsi zetu.

Kila kiumbe huacha alama yake

Samaki anapoogelea huacha majini ute wa ngozi, magamba, kinyesi na mayai. Chura huacha ngozi anayojivua. Kiboko, fisimaji na kamongo nao hufanya vivyo hivyo. Ndani ya kila chembe ya mabaki hayo mna vinasaba, yaani DNA, maandishi ya urithi ambayo kiumbe huyapata kwa wazazi wake. Vinasaba vinavyookotwa kutoka katika maji, udongo au hewa, bila kumkamata mnyama mwenyewe, huitwa vinasaba vya mazingira.

Mfano wa jikoni mwetu utatusaidia. Samaki mdogo wa rangi ya fedha tunayemwanika juani huitwa mukene hapa Uganda, omena kwa majirani zetu wa Kenya na dagaa kwa ndugu zetu wa Tanzania. Majina ni matatu, samaki ni mmoja. Mpaka uliochorwa katikati ya ziwa umegawanya jina lake, lakini vinasaba vyake ni vile vile katika pwani zote tatu. Kwa hiyo mtaalamu anayesoma vinasaba hahitaji kuuliza samaki huyu anaitwaje wala amevuliwa upande gani. Husoma maandishi yaliyomo na kutambua spishi.

Kutoka chupa hadi maabara

Kazi huanza kwa kuteka maji, mara nyingi lita moja au mbili kutoka kila mahali palipochaguliwa. Maji hayo hupitishwa katika kichujio chenye matundu madogo mno, madogo kuliko uwezo wa jicho. Maji hupita, chembe hubaki. Kichujio huhifadhiwa katika spiriti au dawa nyingine ya kuhifadhi, au huwekwa kwenye baridi, kwa sababu vinasaba huharibika upesi. Jua kali, joto na bakteria huvila. Majini hudumu kwa siku kadhaa, pengine wiki chache, kisha hutoweka.

Maabarani, wataalamu hutoa vinasaba kwenye kichujio. Kiasi kinachopatikana huwa kidogo sana, hivyo hurudufishwa kwa mashine. Njia hiyo ya kurudufisha ilibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Kary Mullis, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kila mzunguko wa mashine huzidisha nakala mara mbili. Mbili huwa nne, nne huwa nane. Mizunguko 30 ikienda sawasawa, kipande kimoja huzaa nakala zaidi ya bilioni moja. Ndiyo maana chembe ya ute iliyopotea ndani ya lita nzima ya maji huweza kuonekana.

Baada ya hapo zipo njia mbili. Ya kwanza ni kumtafuta kiumbe mmoja anayejulikana, kama mtu aulizaye mlangoni, "Je, fulani yumo?" Ya pili ni kusoma vipande vyote vilivyopatikana na kuvilinganisha na orodha ya vinasaba vya spishi zilizokwisha kutambuliwa, kama mtu aulizaye, "Ni akina nani wamo humu ndani?"

Kwa nini glavu, klorini na chupa ya pili?

Turudi mwaloni. Mambo matatu yaliwatia wananchi hofu siku ile: glavu, harufu ya klorini na chupa iliyotoka garini. Kwa mtu asiyeelezwa, hayo yanafanana kabisa na dalili za mtia sumu. Hatuwalaumu walioshtuka, tungekuwa mahali pao, huenda nasi tungeshtuka. Lakini tutazame kila moja.

Glavu hazikuwa za kumkinga mtafiti na sumu. Zilikuwa za kuyakinga maji na mtafiti. Mkono uliokula samaki asubuhi unaweza kuacha vinasaba vya samaki yule ndani ya chupa, na matokeo yakawa ya uongo.

Klorini ilikuwa ya kusafishia ndoo. Ndoo iliyotumika jana katika ziwa jingine hubeba chembe za viumbe wa kule, na klorini huviharibu vinasaba hivyo. Usafi huo hufanywa nchi kavu, mbali na maji yanayotekwa, kwa sababu klorini ikiingia katika sampuli itaharibu kile kile kinachotafutwa.

Chupa ya tatu ndiyo iliyozua balaa kubwa, kwa kuwa watu walidhani inamiminwa ziwani. Ndani yake mlikuwa na maji safi yaliyoletwa kutoka maabara. Mtafiti huyachuja pale pale ukingoni, kwa vyombo vile vile, kisha huyapeleka kupimwa pamoja na mengine. Maji safi yakionyesha vinasaba vya samaki, yeye mwenyewe hujua kwamba kazi yake imechafuka na haiaminiki. Ni chupa ya kumsuta mwenye kazi.

Basi, vitu vitatu vilivyowafanya vijana wale waonekane waovu vilikuwa vitatu vya kulinda uaminifu wa kazi yao. Hilo ndilo tunaloomba likumbukwe kuliko mengine yote katika somo hili.

Faida yake kwa watu wa majini

Njia hii si ngeni tena duniani. Mwaka 2008 watafiti nchini Ufaransa walionyesha kwamba chura mkubwa wa Amerika, aliyeingizwa huko na kuwasumbua viumbe wa asili, anaweza kugunduliwa kwa maji ya dimbwi tu. Tangu mwaka 2014 nchini Uingereza, vinasaba vya maji vimekubaliwa rasmi kuwa njia mojawapo ya kuchunguza kama mjusi-maji mwenye kishungi, anayelindwa na sheria, yumo katika dimbwi kabla ya ujenzi kuruhusiwa. Huko Uskoti, mwaka 2018, maji ya ziwa Loch Ness yalitekwa mahali pengi. Ziwa hilo lina hadithi ya joka la majini, kama sisi tulivyo na hadithi za Lukwata. Matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha kinasaba chochote cha mtambaazi mkubwa. Yalionyesha mikunga kwa wingi.

Kwetu sisi manufaa yako karibu zaidi. La kwanza ni afya. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, ambapo vinasaba vya minyoo ya kichocho vilitafutwa katika maji. Sote tunajua jinsi watoto wetu wanavyoupata ugonjwa huo kwa kuoga na kuteka maji ziwani. Kuokota konokono mmoja mmoja na kuwapima ni kazi ndefu. Maji yakiweza kusema kwamba hatari ipo, hatua huchukuliwa mapema.

La pili ni wavamizi. Ziwa letu lina kumbukumbu chungu. Sangara, ambaye huku huitwa mputa na kwa majirani mbuta, alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960. Amewapa watu wengi riziki, lakini pia amewamaliza fulu wa aina nyingi. Gugumaji lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na lilipotambuliwa kuwa janga lilikuwa limeshafunga mialo. Kule Ziwa Bunyonyi, karibu na mpaka wa Rwanda, kamba mwekundu wa mtoni mwenye asili ya Amerika amekwisha kukita makazi. Kamba huyo huyo aliingizwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1970. Nchini Ufaransa wataalamu wamemtafuta kamba huyu madimbwini kwa vinasaba. Mvamizi akijulikana akiwa mchache, huweza kuzuiwa. Akishaenea, hakuna serikali wala mvuvi atakayemrudisha alikotoka.

La tatu ni viumbe adimu. Ngege wa asili wa ziwa letu, aliyekuwa chakula cha babu zetu, ameadimika mno ndani ya ziwa kubwa na amesalia zaidi katika maziwa madogo ya kando. Kumtafuta kwa nyavu ni kumuua yule yule unayetaka kumwokoa. Chupa haiui.

Mambo ambayo maji hayawezi kusema

Somo la kweli hutaja pia udhaifu wa jambo linalofundishwa. Maji hayawezi kusema samaki ana umri gani. Sangara mchanga na sangara mzee wana vinasaba vya spishi ile ile, kwa hiyo wale wenye hofu kwamba chupa itawafichua wavuao samaki wachanga wameogopa kitu kisichokuwapo; anayewafichua ni samaki mwenyewe ndani ya boti. Maji hayasemi kwa hakika idadi ya samaki. Hayasemi kama kiumbe yu hai au amekufa. Tena chembe huweza kusafiri: mto huzileta kutoka juu, boti huzibeba kwenye maji ya sakafuni, ndege huziangusha kwa kinyesi, na muuza samaki huziosha kutoka kwenye beseni lake.

Kutoonekana nako si ushahidi wa kutokuwapo. Huenda kiumbe yumo lakini chembe zake hazikuingia katika chupa. Huenda pia orodha ya kulinganishia haijakamilika. Ziwa letu ni mfano mzuri: spishi za fulu hukadiriwa kuwa 500 au zaidi, na wataalamu wanaeleza kwamba zilitokea katika muda mfupi sana kwa hesabu ya maumbile, kama miaka 15,000. Vinasaba vyao vinafanana mno kama watoto wa mama mmoja, na kipande kifupi mara nyingi hakitoshi kuwatenganisha.

Jambo la mwisho linahusu samaki wanaokufa kwa wingi. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walielea wakiwa wafu, na wataalamu wa uvuvi walieleza kwamba upungufu wa oksijeni majini ndio uliowaua. Kipimo cha vinasaba hakipimi oksijeni wala sumu. Hivyo vina vipimo vyake. Mkiona samaki wamekufa, waiteni maofisa wa uvuvi upesi, wala msile wala kuuza samaki hao.

Je, polisi wanaweza kumkamata mtu kwa chupa ya maji?

Swali hili tumeulizwa katika mikutano mitatu, nasi tutalijibu bila kuzunguka. Ni kweli kwamba maji yanayotumiwa na watu huweza kuwa na vinasaba vya binadamu. Lakini mtafiti wa samaki hutumia viashiria vinavyolenga samaki, wala hatafuti nani ameoga wapi. Nasi hatumpeleki mtu mahakamani kwa sababu maji ya mwalo anaokaa yameonyesha kiumbe fulani. Maji ya mwalo ni ya watu wote, hayana mwenyewe. Ushahidi wa jinai hutaka kielelezo kilichokamatwa mahali panapojulikana, kikatiwa saini na kufungwa, na kila mkono uliokishika ukaandikwa, tangu eneo la tukio hadi maabara na hadi mbele ya hakimu.

Ipo kesi moja ya mbali yenye mafunzo. Mwaka 2009, karibu na Chicago nchini Marekani, vinasaba vya samaki wavamizi kutoka Asia vilionekana kwenye maji yaliyo upande wa pili wa kizuizi cha umeme kilichowekwa kuwazuia wasifike katika Maziwa Makuu. Desemba mwaka huo sehemu ya mfereji ilitiwa dawa ya kuua samaki. Kati ya maelfu waliokufa, alipatikana mvamizi mmoja tu. Jimbo la Michigan lilikwenda Mahakama ya Juu kabisa kuomba milango ya mfereji ifungwe, na Januari 2010 ombi hilo likakataliwa. Juni 2010 mvuvi akamvua mvamizi aliye hai katika ziwa Calumet, ng'ambo ya kizuizi. Tunajifunza mambo mawili. Vinasaba vilikuwa onyo ambalo halikupaswa kupuuzwa. Hata hivyo, onyo ni sababu ya kuchunguza zaidi, si hukumu.

Na kama hakimu mwenye elimu anasita kuhukumu kwa chupa iliyopimwa maabarani, sisi tunahukumuje kwa chupa tuliyoiona kwa mbali?

Uvumi una wahanga

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika kazi yetu tumejifunza kuliogopa neno hilo, kwa maana lisemwalo huweza kuja kwa sababu tu limesemwa. Aprili 2024, katika pwani ya Nampula nchini Msumbiji, watu walipanda chombo cha uvuvi kwa wingi uliopita kiasi, na maofisa wa huko walisema wengi walikuwa wakikimbia uvumi kuhusu kipindupindu. Chombo kilizama, na zaidi ya watu 90 walikufa, wengi wao wakiwa watoto. Wengi wa marehemu hao hawakuuawa na ugonjwa wowote. Waliuawa na neno.

Mpakani neno huenda mbio zaidi, kwa sababu mgeni yupo daima wa kulaumiwa: yule wa ng'ambo. Siku ile mwaloni ilisemwa kwamba vijana wale ni majasusi wa nchi jirani. Mmoja wao alizaliwa kilomita 20 kutoka hapo.

Mkiona wageni wenye chupa

Tunawaomba mfuate utaratibu huu.

Kwanza, wasalimuni na kuwauliza. Mna haki ya kujua wanafanya nini. Mtafiti wa kweli huonyesha kitambulisho na kibali cha utafiti, ambacho hapa Uganda hutolewa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na hataudhika kuulizwa.

Pili, mwiteni mwenyekiti wa kijiji na mjumbe wa kamati ya mwalo. Hao ndio wa kusoma kibali kwa sauti mbele ya wote.

Tatu, kama kuna shaka, pigeni simu 999 au 112. Wazuieni wasiondoke kwa kusimama nao, wala si kwa kuwafunga kamba.

Nne, msiguse wala kufungua chupa. Kama ni watafiti, mtaharibu kazi. Kama kweli ni wahalifu, mtakuwa mmeharibu ushahidi, na mnaweza kujidhuru kwa dawa msiyoijua.

Tano, msirushe picha zao kwenye simu kwa maneno ya kuwatuhumu. Aliyetuma picha siku ile aliwaleta watu wa vijiji viwili kwa dakika chache, hakuweza kuwarudisha.

Kwa watafiti nasi tuna neno. Kibali cha mjini hakimtoshi mama anayefua nguo ukingoni. Fikeni siku moja kabla, semeni na mwenyekiti, wachukueni vijana wawili wa mwalo wawe mashahidi na wasaidizi wenu, na matokeo yakipatikana, yarudisheni kwa watu waliowapa maji. Wanaovuka mpaka kwa boti wakumbuke kwamba sampuli nazo huhitaji kibali kuvuka, kama vile mtu anavyohitaji.

Kwetu sisi wenyewe, tangu tukio lile kila nakala ya kibali inayofika kituoni husomwa siku hiyo hiyo kwa wenyeviti wa vijiji husika, na jina la askari aliyewaarifu huandikwa katika daftari. Mkiona hatukufanya hivyo, tuulizeni.

Maswali ya kujadili katika mikutano ya kijiji

1. Ni sababu gani humfanya mtafiti avae glavu na kubeba chupa ya maji safi?
2. Taja mambo matatu ambayo vinasaba vya maji haviwezi kuyathibitisha.
3. Samaki wakielea wamekufa, ni nani wa kuitwa, na ni kipi kisifanywe?
4. Ungekuwa mwaloni siku ile, ungesimama wapi: upande wa aliyetumwa petroli, au kando ya mama aliyeketi juu ya kasha?

Watafiti wale wamekubali kurudi. Kijana mwenye kovu kichwani ametuambia kwamba atateka maji pale pale, ikiwa mama yule atakuwapo. Mama amejibu kwamba atakuwapo, ila safari hii anataka aambiwe mapema, apate kumaliza kuuza samaki wake.